Nyua sita, kuta tano: tuanze na nini?

Swali la msomaji:

"Ndugu mtaalamu, tunaishi kwenye safu ya nyumba sita zilizoshikana. Kila moja ina ua wa nyuma wenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 8, na nyua zote zinaishia kwenye uchochoro mmoja. Kwa miaka mingi hakuna anayezitumia. Zimejaa kifusi, majani, matairi, na jokofu bovu ambalo hakuna anayekiri kuwa ni lake. Tunataka kubomoa kuta tano zinazotutenganisha tupate mahali pamoja pa watoto kucheza, wazee kupumzika na watu kufanya biashara ndogo. Jirani mmoja ni fundi cherehani, mwingine ni kijana anayetengeneza baiskeli, na wote wawili wanafanyia kazi sebuleni. Nyumba tatu wanakaa wenyewe, mbili zina wapangaji, na mzee wa nyumba ya tano hataki hata kusikia habari ya ukuta wake kuguswa. Tutafute fedha kwanza au tubomoe kwanza? Naogopa tukianza vibaya tutaishia kuwa maadui."

Ndugu yangu,

Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako siku mbili kabla ya kujibu. Nimefanya kazi ya kupanga nyua na viwanja vidogo vya mijini kwa miaka mingi, na nyua za pamoja nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa saruji. Ziliuawa na maneno ambayo watu waliona haya kuyasema mwanzoni: nani anashika ufunguo, nani anazibua chemba ikiziba, na itakuwaje mmoja wetu akiuza nyumba. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa hiyo msianze na fedha, wala msianze na nyundo. Anzeni na mlango.

Nasema mlango wa kweli. Chagueni ukuta mmoja tu, ulio kati ya nyumba mbili ambazo wenyewe wanakaa humo na wanaelewana. Fungueni nafasi ya mita 1, mtie mlango wa mbao wenye komeo upande huu na komeo upande ule, ili yeyote kati ya hao wawili aweze kufunga siku ambayo hataki mtu uani kwake. Kaeni hivyo miezi mitatu, hata sita. Utaona kwamba mlango ambao mtu ana uwezo wa kuufunga hubaki wazi muda mwingi, kwa sababu hakuna anayejihisi amenaswa. Ukuta ukishalala chini, jirani aliyechoka na kelele za watoto hana pa kurudi, na mtu asiye na pa kurudi hugeuka mkali.

Mwendo huu wa kuanza na nyumba mbili tu umeshajaribiwa. Katika mji wa Davis, California, mwaka 1986 nyumba mbili za kawaida ziliondoa uzio uliokuwa kati yao. Nyumba nyingine zikaingia moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake, na jumuiya hiyo inayoitwa N Street leo ina nyumba zaidi ya 15. Ninachokipenda katika habari hiyo ni mwendo wake. Kila uzio ulioondolewa ulikuwa na watu wawili waliokwisha kujua wanachokifanya, na wa pili alikuwa ameshaona kwa macho yake faida aliyoipata wa kwanza.

Ukiitazama safu yenu kwa jicho hilo, mzee wa nyumba ya tano si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Nyumba ya kwanza hadi ya nne zinaweza kuungana bila kumgusa. Hiyo ni mita za mraba 160, ambazo ni nyingi kuliko mtakavyoweza kuzitunza mwaka wa kwanza. Nyumba ya sita itaingia kwa njia ya uchochoro. Mzee abaki na ukuta wake, na msimsukume, wala msimtumie wajumbe. Ombeni ruhusa yake kwa jambo moja tu, kupitisha maji kama itahitajika, na hilo nitalieleza mbele.

Sasa nikupeleke Queens, New York, kwa sababu huko kuna funzo ambalo kila kundi linalotaka kuunganisha nyua linapaswa kulijua kabla ya tofali la kwanza kutoka.

Kati ya mwaka 1924 na 1928 ulijengwa hapo mtaa uitwao Sunnyside Gardens, wenye makazi ya familia zaidi ya 1,200. Wasanifu wake, Clarence Stein na Henry Wright, walizipanga nyumba pembezoni mwa kila eneo lililozungukwa na barabara na kuacha katikati bustani kubwa ya wote. Kila mwenye nyumba alikuwa na kipande chake kidogo nyuma, na sehemu iliyobaki ya ardhi yake iliingia katika bustani ya pamoja. Hakuna aliyenyang'anywa umiliki. Kilichoifanya bustani iwe ya wote ni haki ya matumizi iliyoandikwa kwenye hati za nyumba, na haki hiyo ilipewa muda wa miaka 40.

Miaka 40 ikaisha katikati ya miaka ya 1960. Baadhi ya wamiliki wakaweka uzio wa waya kwenye mipaka yao, wengine wakageuza kipande chao kuwa pa kuegesha gari, na bustani ambazo watoto walikuwa wakizikimbilia kutoka mwanzo hadi mwisho zikakatwa vipande. Mwaka 1974 jiji liliweka kanuni maalumu za kulinda mpangilio wa mtaa ule, na mwaka 2007 likautangaza kuwa eneo la kihistoria, lakini uzio mwingi ulikuwa umeshasimama. Wale waliofunga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaitumia ardhi yao kama karatasi ilivyowaruhusu. Walioandika karatasi hiyo walikuwa wameshaondoka, na ilipaswa watu wakae chini mapema, mwaka wa 35 kwa mfano, kuuliza yatakayofuata.

Kwa hiyo urafiki wenu ni mtaji mzuri wa kuanzia, ila haurithiwi. Nyumba itauzwa, au mwenye nyumba atafariki na watoto wake waje na mipango yao. Kinachobaki na ardhi ni kile kilichoandikwa kwenye hati ya ardhi.

Nakushauri mpande ngazi tatu, na msiruke hata moja. Ya kwanza ni ruhusa ya maandishi ya mwaka mmoja. Kila mwenye nyumba aandike kwamba anawaruhusu majirani kutumia ua wake kwa mambo yaliyotajwa, na kwamba ruhusa hiyo haimpi yeyote umiliki. Sentensi hiyo ya pili msiiache. Katika nchi nyingi mtu akitumia ardhi ya mwenzake kwa miaka mingi bila ruhusa anaweza kuja kudai haki juu yake, na mwenye nyumba aliyewahi kusikia habari hiyo ataogopa kuwafungulia. Ruhusa iliyoandikwa inamwondolea hofu, maana anayetumia kwa ruhusa hawezi kudai kwamba alijitwalia. Ngazi ya pili, baada ya mwaka au miwili mkiona jambo limeshika, ni haki ya njia na ya matumizi iliyosajiliwa kwenye hati za nyumba zote zinazoshiriki, ikiwa na tarehe ya kuisha na kifungu kinachosema ni lini kabla ya tarehe hiyo mtakaa kuijadili upya. Hapo mnahitaji wakili na mpimaji. Ngazi ya tatu ni kuunda chama au ushirika wenye jina, daftari na akaunti, ambao ndio utakaokodisha nafasi za biashara na kukata bima ya kuwalinda mgeni akijikwaa na kuvunjika mguu.

Waandikieni wenye zile nyumba mbili za kupanga mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Niliwahi kushuhudia ua mmoja ambao wapangaji waliusafisha kwa mikono yao, wakabeba kifusi kwa ndoo wikendi nyingi, wakapanda miti miwili na kujenga benchi. Ua ukapendeza. Mwaka wa pili mwenye nyumba akaleta wapangaji wapya kwa kodi kubwa zaidi, akitaja bustani kuwa sababu. Waliobeba ndoo wakahama kabla miti yao haijatoa kivuli. Sheria haikuvunjwa, na ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito. Mpangaji anapoombwa jasho lake, ni haki mwenye nyumba aombwe kwanza ahadi ya maandishi: kwamba kodi haitapandishwa kwa sababu ya ua kwa miaka kadhaa mtakayokubaliana, au gharama za kazi zitakatwa kwenye kodi. Akikataa, ua wake usafishwe kwa fedha yake, au usubiri.

Tuingie uani kwenyewe.

Kifusi kisikutishe, ila msikisambaze. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na petroli yenye risasi ilitumika duniani kwa miongo mingi hadi nchi ya mwisho ilipoiacha mwaka 2021. Risasi haiozi. Inakaa kwenye udongo wa juu, hasa karibu na kuta zinazobambuka rangi na upande wa barabara, na watoto huila kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Chukueni udongo wa juu kutoka sehemu tano au sita za kila ua, uchanganyeni, mpeleke kwenye maabara inayopima udongo. Mkiwa bado hamjapata majibu, msilime chini. Jengeni vitalu vya kuinuliwa vyenye kina cha sentimita 30 au zaidi, mtandike kitambaa kizito kinachopitisha maji chini yake, mjaze udongo safi na mboji. Ardhi inayobaki wazi ifunikwe kwa nyasi, vipande vya mbao au kokoto. Udongo mtupu unaotoa vumbi ndio hatari, kuliko udongo uliofunikwa.

Halafu maji. Mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Nyua nne zenye mita za mraba 160 zikinyeshewa milimita 30 zinapokea lita 4,800. Kama mteremko wa nyuma wa kila paa ni mita za mraba 25 na maji yake yanashukia uani, ongezeni lita 3,000. Jumla ni lita 7,800 kwa mvua moja nzuri, na leo hii kuta zenu zinayagawa maji hayo mafungu manne. Mkizibomoa bila kufikiri, yote yatakimbilia kwenye ua ulio chini kuliko wenzake, na mwenye ua huo atajua nani wa kumlaumu. Ndiyo maana kabla ya nyundo nataka mtu asimame uani na mwavuli siku ya mvua kubwa, achore kwa mshale maji yanatoka wapi na yanasimama wapi. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko michoro mingi ya rangi.

Sakafu yoyote mtakayotengeneza iteremke kutoka kwenye nyumba kuelekea uchochoroni, angalau sentimita 2 kwa kila mita. Kwa ua wa mita 8 hiyo ni sentimita 16 kutoka mlango wa jikoni hadi uchochoroni, na inatosha kabisa. Msimwage zege ua mzima. Chicago ina vichochoro vya kilomita zipatazo 3,000, vingi vyao bila mabomba ya kupokea maji ya mvua, na tangu mwaka 2006 jiji hilo limekuwa likivitengeneza baadhi kwa sakafu zinazopitisha maji yazame ardhini badala ya kuingia kwenye vyumba vya chini. Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa njia nyepesi: vitofali vilivyopangwa juu ya kokoto na mchanga, bila saruji kati yao. Ila kwanza jaribuni ardhi yenu. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, liacheni linywe, mlijaze tena. Yakikauka kwa saa chache mko salama. Yakilala humo hadi kesho yake, mtahitaji mtaro au tangi, na kama maji ya mtaro yatapita karibu na ukuta wa mzee, hapo ndipo mtakapohitaji ruhusa yake. Na popote maji yanaposimama zaidi ya wiki moja, mbu watakuwa wameshazaliwa, kwa hiyo tangi liwe na mfuniko na wavu.

Chemba za majitaka zisifunikwe kamwe, hata kwa kitu kizuri. Nimewahi kuona jukwaa la mbao lililopendeza sana, limepigiliwa misumari juu ya mfuniko wa chemba. Ilipoziba usiku, mbao zilikatwa kwa msumeno ndani ya nusu saa, na kazi ya wiki tatu ikaisha hapo.

Kuhusu kubomoa, mkishafika huko: hakikisheni ukuta haushiki udongo wa upande ulioinuka wala paa la kibanda cha mtu, na hakuna bomba wala waya ndani yake. Bomoeni kuanzia juu, tofali kwa tofali, mkiyapanga pembeni kwa ajili ya vitalu na mabenchi. Msingi msiung'oe. Ukateni usawa wa ardhi mpaka ubaki mstari unaoonekana sakafuni, kama uzi ulioshonwa katikati ya shuka. Watoto watautumia kwenye michezo yao. Mpimaji ataupenda. Na siku nyumba mbili kati ya hizo zikiuzwa, hakuna atakayegombana kuhusu mpaka ulipokuwa, kwa sababu kila mtu ameukanyaga kila siku.

Biashara ndiyo inayohitaji akili zaidi, kwa sababu ndiyo inayoweza kuulipia ua na ndiyo inayoweza kuumeza. Naunga mkono kwa moyo wote fundi cherehani na kijana wa baiskeli kutoka sebuleni. Anayefanyia kazi chumbani hana bango, hana pa kumketisha mteja, na familia inakula kati ya vitambaa au minyororo yenye grisi. Lakini wekeni kikomo tangu siku ya kwanza. Mimi husema biashara isizidi theluthi moja ya eneo, na mstari wa theluthi hiyo uchorwe sakafuni. Kazi hupanuka polepole, kiti kimoja leo, rafu moja kesho, na anayeipanua hafanyi hivyo kwa ubaya.

Mpangilio fuateni wa kelele. Huko Berlin kuna nyua nane zilizounganishwa ziitwazo Hackesche Höfe, zilizofunguliwa mwaka 1906. Waliozipanga waliweka kumbi na ofisi upande wa barabarani, karakana zikafuata, na makazi yakawa ndani kabisa ambako kelele hazifiki kirahisi. Zilikarabatiwa miaka ya 1990 na hadi leo watu wanafanya kazi, wanaburudika na wanaishi humo humo. Kwenu uchochoro ndio barabara. Kijana wa baiskeli akae jirani nao, ili mteja aingie na kutoka bila kupita mbele ya jikoni za watu, na awe na sinia ya kukinga mafuta ili grisi isiingie kwenye udongo wala mtaroni. Fundi cherehani anaweza kuwa ndani zaidi, mahali penye mwanga mwingi lakini si jua kali la moja kwa moja, kwa sababu jua litamchujulia vitambaa vya wateja.

Na msidanganyike kwamba safu ya vichaka itazuia kelele. Mimea michache huficha kinachoonekana, sauti inapita. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, lakini ndani ya ua uliozungukwa na kuta ngumu sauti hugonga ukuta ikarudi, na nyundo iliyo mita 15 kutoka dirishani husikika kama iko jirani. Dawa yake ni saa za kazi zilizoandikwa, na meza ya kazi iliyofungwa mpira chini ya miguu. Kama mna kazi ya kuchomelea vyuma, sema hapana. Kuchomelea, mitungi ya gesi na mbao kavu katika ua wenye njia moja ya kutokea ni msiba unaosubiri siku yake. Ua wa pamoja uwe na njia mbili za kutoka wakati wote, na hakuna anayeruhusiwa kuegesha kitu mbele ya mojawapo, hata kwa dakika tano.

Kabla ya kujenga kibanda chochote, fanyeni siku za majaribio. Jumamosi moja kwa mwezi, turubai, meza mbili, mafundi wote wawili nje. Baada ya miezi mitatu mtajua wateja wanapita wapi, wanauliza choo kiko wapi (wataulizia, kwa hiyo amueni mapema), umeme wa nani unatumika, na nani analalamika. Kila biashara iwe na mita yake ya umeme. Kodi ya nafasi iingie kwenye mfuko wa ua, si kwa mwenye nyumba ambaye meza imeangukia upande wake, la sivyo kila mmoja atataka meza ije kwake. Ulizeni pia ofisi ya mipango miji kama eneo lenu linaruhusu biashara nyumbani, na leseni gani inahitajika, kabla mtu hajakopa fedha za mashine.

Kwa wazee na watoto nitasema kidogo, kwa sababu hapa watu hupenda kujenga kupita kiasi. Katika miaka ya 1970 mtafiti William H. Whyte aliwapiga picha za filamu watu kwenye viwanja vya New York kwa muda mrefu. Aligundua kwamba watu huketi zaidi palipo na pa kuketi, jambo linaloonekana dogo mpaka uhesabu viwanja vingapi havina. Aligundua pia kwamba mtu akikuta kiti kisichofungwa chini hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakijaenda popote pa maana. Nunueni viti vyepesi, acheni mabenchi ya zege. Bibi atajua mwenyewe kivuli kimehamia wapi saa kumi. Njia ya kufikia kivuli hicho iwe na upana usiopungua sentimita 90 bila ngazi, ili mwenye mkongojo au kiti cha magurudumu afike bila kubebwa.

Kwa watoto, Carl Theodor Sørensen, msanifu wa bustani wa Denmark, aliona kwamba watoto wanapenda kucheza penye mabaki ya ujenzi kuliko kwenye bembea alizowabunia, na mwaka 1943 ukafunguliwa Emdrup, Copenhagen, uwanja wa mabaki ambao watoto walijijengea wenyewe. Ninyi mna matairi na matofali tayari. Toeni vyenye kutu, misumari na vioo. Jokofu liondoke leo hii, na likisubiri hata usiku mmoja, ling'olewe mlango, kwa sababu mtoto anaweza kujifungia humo. Kinachobaki waachieni watoto.

Fedha nimeziacha mwisho makusudi. Tengeni za matunzo kabla ya za ujenzi. Mchango mdogo wa kila mwezi kutoka kila nyumba, daftari lililo wazi kwa wote, na mtunza daftari anayebadilishwa kila mwaka, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Kama hamwezi kuweka ua safi miezi mitatu kwa nguvu zenu, mfadhili hatawasaidia. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi yaliyotunzwa na watumiaji wenyewe. Alikuta kwamba yaliyodumu yalikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji, watu wa kuangalia kama zinafuatwa, na adhabu zinazoanza ndogo. Hilo la adhabu ndogo lishikeni. Aliyeacha takataka mara ya kwanza akumbushwe na mtu mmoja kwa upole, si na kikao cha nyumba sita.

Jumamosi hii, basi, fanyeni hivi tu. Fungueni mifuniko ya chemba zote, mwageni ndoo ya maji katika kila choo kwa zamu, mwangalie yanakotokea, mchore njia ya kila bomba kwenye karatasi moja. Mtakuta bomba moja au mawili ambayo hamjui yanakwenda wapi, ndivyo ilivyo kwa nyumba za zamani. Mpelekeeni mzee wa nyumba ya tano karatasi hiyo mumwombe aisahihishe. Msitaje ukuta. Mtu aliyekaa hapo muda mrefu kuliko ninyi nyote anaweza kuwa anakumbuka siku mitaro ile ilipochimbwa.